Leo Changia, Kesho Tembea, Keshokutwa Kimbia

Wito huu unawahusu hasa wale wanaoamka alfajiri ya Jumamosi na Jumapili, wakavaa fulana za rangi moja na kuzijaza barabara za Mbagala, Temeke, Kinondoni na Ukonga kwa mchakamchaka. Unawahusu pia wanyanyua vyuma wa jimu za mtaani, wacheza ndondo, waendesha baiskeli wa masafa marefu, na yule binti anayejiandaa kwa nusu marathoni yake ya kwanza kule Moshi. Benki ya damu ingeruhusiwa kuchagua watu wake, ingeanza na nyinyi. Wengi wenu mna afya, umri unafaa, uzito unatosha, na hakuna anayewashinda kwa kukusanyana. Ombi langu lina sehemu mbili: changieni damu, na mkishachangia, utunzeni mwili kwa siku zile chache zinazofuata, ili mrudi kuchangia tena.

Sehemu ya kwanza haihitaji maneno mengi, maana kila aliyewahi kuuguza anaijua. Mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hawezi kusubiri ndugu wafunge safari kutoka Kibaha. Mtoto mdogo aliyeishiwa damu kwa malaria kali anaweza kufariki mchana huohuo. Wagonjwa wa selimundu, majeruhi wa bodaboda, wagonjwa wa saratani walio kwenye matibabu, wote wanategemea jokofu moja. Shirika la Afya Duniani limezoea kukadiria kwamba nchi inahitaji walau chupa moja ya damu kwa kila watu 100 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Hizo ni zaidi ya chupa 610,000, na si za kukusanya mara moja tukafunga stoo. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano au sita. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku tano hivi, basi. Kwa hiyo aliyechangia mara moja miaka ile akiwa chuoni, akabaki na fulana na picha, tunamshukuru, lakini hospitali zinaishi kwa mtu anayerudi.

Na kurudi ndiko kunakoharibiwa na mambo madogo. Kijana anachangia asubuhi, jioni anaenda kupiga tizi kama kawaida, anaona giza katikati ya pushapu na kuanguka mbele ya wenzake. Huyo kumrudisha kwenye kiti cha damu ni kazi. Wenzake waliomwona nao wanapata kisingizio. Stori inayozunguka mtaani haisemi kwamba alimsaidia mgonjwa, inasema "walimkamua mpaka akazimia." Hawakumkamua. Walichukua kiasi kilekile wanachochukua kwa kila mtu, na wala hakuchangia akiwa na upungufu wa damu, kwa kuwa wingi wa damu hupimwa kabla ya sindano. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye dakika tano na kumweleza kwamba siku hiyo jimu haimhusu.

Nianze na jambo linalonikera, kwa kuwa linafanywa na watu wenye nia njema kabisa. Siku hizi klabu za jogging zinaandaa bonanza, watu wanakimbia kilomita kumi, wanafika uwanjani wakitiririka jasho, na pale chini ya hema wahudumu wa damu wanasubiri. Mkimbiaji anatoka barabarani na kuketi kwenye kiti moja kwa moja. Kwa joto la Dar es Salaam, mbio za saa moja zinaweza kumtoa mtu lita nzima ya jasho. Mishipa ya miguu na ya ngozi imetanuka, damu imetawanyika huko, moyo bado unadunda kwa kasi. Juu ya hayo anaondolewa karibu nusu lita nyingine. Bonanza nyingine hufanya kinyume chake: damu saa mbili asubuhi, fainali ya soka saa nne. Mipango yote miwili ni mibaya. Siku ya kuchangia damu iwe ya kuchangia damu. Muziki uwepo, pilau liwepo, mgeni rasmi aje na hotuba yake fupi, lakini mbio na mechi zipangiwe siku nyingine. Na kama ni lazima mambo hayo mawili yakae wikiendi moja, basi kimbieni Jumamosi, mnywe maji, mle, mlale, mchangie Jumapili.

Kwa nini nusu lita isumbue hivyo? Chupa moja ni mililita 450 hivi. Mtu mzima ana kama lita tano, mwembamba ana pungufu, kwa hiyo unatoa takribani sehemu moja ya kumi. Mwili huirudisha kwa awamu. Maji hutangulia: ile sehemu ya majimaji inayoitwa plazma hujaa tena ndani ya siku moja hadi mbili. Chembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni, huchukua wiki nne hadi nane. Akiba ya madini ya chuma hurudi mwisho kabisa, na kwa mtu anayekula ovyo inaweza kuchukua miezi. Ndiyo sababu mwanamume huambiwa akae miezi mitatu kabla ya kuchangia tena, na mwanamke miezi minne.

Ukishaelewa awamu hizo, utaona kwamba siku ya kwanza na wiki ya pili zina matatizo tofauti, ingawa watu huyachanganya. Siku ya kwanza tatizo ni ujazo. Kimiminika kimepungua mwilini, presha inashuka kirahisi ukisimama ghafla, ukikaa juani, ukioga maji ya moto, au ukikimbia halafu ukasimama ghafla. Wiki ya pili ujazo umesharudi, presha iko sawa, unajiona mzima, na kweli u mzima. Ila chembe za kubeba oksijeni bado hazijafikia idadi yake. Ni kama daladala kumi zimeondolewa katika kila mia moja zinazofanya kazi mjini: Jumapili asubuhi hakuna atakayegundua, lakini Jumatatu jioni, abiria wote wakitoka kazini kwa pamoja, kituoni patakuwa na kugombania mlango. Ukitembea au ukikimbia polepole hutahisi tofauti. Ukipandisha kilima kwa kasi, miguu itakuwa mizito na pumzi itakwisha mapema kuliko ulivyozoea.

Mabingwa wa michezo wanaijua thamani ya chembe hizo kuliko sisi. Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yake saba ya Tour de France mwaka 2012, na mapema mwaka uliofuata akakiri mwenyewe kwamba alitumia homoni ya kuongeza chembe nyekundu na pia alijiongezea damu. Alihatarisha jina lake na afya yake ili apate ziada ya kitu kilekile ambacho wewe unakitoa bure kwa mgonjwa usiyemjua. Homoni hiyo, erithropoetini, hata hivyo kila mtu anayo ya kwake. Ukichangia damu, figo huitoa kwa wingi zaidi kuuagiza uboho wa mifupa uzalishe chembe mpya. Kazi inaendelea usiku na mchana. Inahitaji chakula, usingizi na subira, na mtu asiiingilie kwa mashindano.

Turudi kwenye siku yenyewe. Asubuhi kula vizuri, usije na chai kavu tumboni. Nusu saa hivi kabla ya zamu yako kunywa nusu lita ya maji. Ni jambo dogo linalopunguza sana kizunguzungu, hasa kwa vijana, kwa wenye uzito mdogo na kwa wanaochangia mara ya kwanza, maana hao ndio huzimia zaidi. Ukiwa kwenye kiti, pishanisha miguu, kaza mapaja na makalio kwa sekunde kadhaa, legeza, rudia. Misuli hiyo inasukuma damu kurudi juu. Ukimaliza, kaa. Muuguzi akikuambia dakika 15, zitimize. Soda na biskuti zimewekwa pale ili akuone ukiwa umekaa, unakunywa, rangi ya uso wako ikirudi. Anayekwapua soda na kukimbilia getini anakwepa sehemu muhimu ya huduma.

Safari ya kurudi nyumbani nayo ni zoezi, ingawa hakuna anayeihesabu hivyo. Kusimama saa nzima kwenye daladala la Gongo la Mboto, umebanwa, joto limepanda, mkono umeshika bomba la juu: mwili uliotoka kupoteza nusu lita hauhitaji zaidi ya hapo ili uone giza. Omba kiti. Mwambie konda na abiria kwamba umetoka kuchangia damu. Pamba iliyo mkononi ni ushahidi tosha, na watu wetu kwa jambo kama hilo hawana roho mbaya. Bodaboda ningekushauri uiache siku hiyo, kwa sababu abiria akilegea nyuma ya pikipiki hakuna kinachomshika. Wengi wanaozimia huzimia wangali kituoni, ambako kuna watu wa kuwadaka. Wachache huzimia saa kadhaa baadaye, barabarani au bafuni, na hao ndio wanaoumia.

Dalili huja kabla. Jasho la baridi, kichefuchefu, masikio kuvuma, macho kuingia giza, mwili kulegea. Ukizisikia, usijikaze. Najua tulivyolelewa, hasa wanaume, kwamba kukaa chini mbele za watu ni aibu; lakini kuanguka na kupasua kidevu mbele za watu haohao kuna aibu zaidi. Lala palepale ulipo, hata kama ni vumbini, inua miguu juu ya begi au tofali, na usisimame mpaka hali itulie kabisa. Wenzako wasikuinue kwa nguvu, wala wasikuzingire wakakuzuia hewa. Ukishatulia, kunywa maji, kisha inuka kwa hatua: kaa kwanza, ndipo usimame.

Mkono uliochomwa nao una haki yake. Sindano ya kuchangia damu ni nene kuliko ya chanjo, na tundu lake kwenye mshipa linahitaji muda lizibe. Acha bandeji kwa saa kadhaa kama ulivyoelekezwa. Siku hiyo usinyanyue vyuma, usibebe ndoo, usijivute kwenye bomba, usipige pushapu kwa mkono huo. Damu ikianza kutoka tena, bonyeza kwa kidole na uinue mkono juu ya usawa wa moyo mpaka iache. Ukivilia damu, yaani ngozi ikawa na doa la zambarau ambalo baadaye huwa kijani kisha manjano, si jambo la kukutisha, hupotea lenyewe. Lakini mkono ukivimba sana, ukafa ganzi, au maumivu yakashuka hadi vidoleni, rudi kituoni au nenda hospitali, usitibu kwa kukanda.

Hapa niseme na wale ambao mazoezi yao hayana fulana wala bonanza. Kuli wa Kariakoo anayebeba magunia tangu alfajiri, saidia fundi anayepandisha zege ghorofa ya tatu, mama anayechota maji kwa ndoo ya lita 20 kichwani, mpanda minazi wa Mafia au Pangani, mzamiaji wa kambakoche: hao wote ni wanamichezo wazito kuliko sisi tunaokimbia kwa hiari, na vipeperushi vya mazoezi huwa haviwakumbuki. Ushauri wa "usifanye mazoezi makali siku hiyo" kwao una maana ya "usifanye kazi siku hiyo," na siku bila kazi ni siku bila unga. Basi nasema wazi: changia siku ambayo huna kazi. Anayepanda juu, iwe ni mnazi, nguzo ya umeme au paa, asipande mpaka siku iishe na usiku upite. Anayezamia asizamie. Anayeendesha lori au basi, au anayebeba abiria kwa bodaboda, asishike usukani siku hiyo. Na waajiri mnaoalika wahudumu wa damu kiwandani, msiwarudishe watu kwenye mashine na mizigo mchana huohuo halafu mkajisifu kwa idadi ya chupa. Mpeni aliyechangia nusu siku iliyobaki. Ndugu zangu, hiyo ndiyo sehemu yenu ya mchango.

Kesho yake, tembea. Kutembea nusu saa au zaidi hakuna shida kwa mtu aliyelala vizuri na asiye na kizunguzungu. Keshokutwa unaweza kukimbia, na kipimo changu hakihitaji saa ya kisasa: ukiweza kumsimulia mwenzako mechi ya jana bila kukatika pumzi katikati ya sentensi, mwendo ni sahihi. Ukishindwa kusema maneno manne mfululizo, punguza. Mwenye saa ya kupima mapigo ataona moyo unadunda kasi kidogo kuliko kawaida kwa mwendo uleule. Asishtuke, asijaribu kushindana na namba. Kimbia alfajiri au jioni, jua likiwa halijakomaa, na ukimaliza usisimame ghafla, tembea dakika kadhaa, maana misuli ya miguu ndiyo inayosaidia kupandisha damu. Vyuma rudi navyo kwa uzito mdogo. Mbio za vipande vya kasi, vilima, na ile michezo ya kujipima nguvu zako za mwisho, iache wiki moja au mbili, na usikilize mwili zaidi ya kalenda. Mwenye kizunguzungu kisichoisha, mapigo ya moyo yasiyotulia au uchovu unaoendelea kwa siku kadhaa asijitibu kwa mazoezi. Aende akapimwe.

Wenye mashindano wapange mapema. Kilimanjaro Marathoni, inayokimbiwa Moshi tangu 2003, huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Anayeisaka kwa ajili ya muda bora achangie kabla ya mwaka kwisha, au aache kabisa mpaka amalize mbio. Anayekimbia kwa kujifurahisha akijipa wiki tatu au nne itamtosha. Ukichangia wiki moja kabla hutafia njiani, ila ule mwinuko wa kuelekea Mweka utakukumbusha kila mililita uliyoacha kwenye chupa. Mimi naona wakati mzuri kuliko wote ni wiki mbili au tatu baada ya mbio. Mwili umepumzika, mashindano mengine yako mbali, na uchovu wa mazoezi umekwisha. Klabu inayorudi kutoka Moshi na medali shingoni ingepanga siku yake ya damu katikati ya Machi, ingekuwa imepata tarehe isiyomwumiza mtu.

Chakula nacho. Chuma kilichotoka hurudi kwa sahani, na bahati nzuri kiko katika vyakula vyetu vya kawaida: maini, nyama, dagaa, maharage, kunde, choroko, ulezi, mboga za majani. Cha nyama na samaki hufyonzwa kirahisi. Cha nafaka, kunde na mboga huhitaji msaada, na msaada wenyewe ni ndimu juu ya maharage, au chungwa, pera au embe baada ya mlo. Adui yake ni chai. Sisi watu wa pwani tunasukuma kila tonge kwa chai ya rangi, na chai ikikutana na maharage tumboni huzuia sehemu kubwa ya chuma kisifyonzwe. Sikuambii uiache chai, najua hutanisikiliza. Isogeze tu, inywe saa moja au mbili baada ya kula. Kuhusu juisi ya rozela, ambayo watu huinywa kwa imani kwamba wekundu wake unageuka kuwa damu: rangi haina uhusiano wowote na wekundu wa damu. Inywe kwa utamu wake. Vidonge vya chuma usivinunue kwa kukisia. Vinafaa kwa baadhi ya watu, lakini ni vya kuandikiwa.

Kinadada na kinamama wakimbiaji nawaomba wawe makini zaidi na jambo hili, kwa kuwa hedhi peke yake hupunguza chuma kila mwezi, na mazoezi mazito nayo yana sehemu yake. Dada anayechangia kila inapotimu miezi minne, anakimbia kila wiki, na anakula mkate na chai mchana, anaweza kupita kipimo cha damu leo huku akiba yake ikiwa imekwisha. Akiona uchovu usioelezeka, akitamani kula udongo au barafu, nywele zikinyonyoka, aruke zamu moja. Hakuna atakayemhesabu kuwa mwoga. Mjamzito na anayenyonyesha mtoto mchanga zamu yao bado.

Ramadhani huja na swali lake. La kama kuchangia damu kunafungua saumu au la, waulizwe masheikh. La mwili ni rahisi: mtu aliyekaa tangu alfajiri bila maji si wa kutolewa nusu lita ya damu mchana wa saa nane, na akichangia usiku baada ya futari na maji ya kutosha, asikimbilie mpira wa usiku unaopigwa mitaani mpaka daku. Hospitali nazo hazifungi mwezi huo, kwa hiyo vituo vinavyoweza kufungua baada ya Isha vingesaidia pande zote mbili.

Kwa walimu nina ombi fupi. Kwa miaka mingi wanafunzi wamekuwa nguzo ya damu salama hapa nchini, na Siku ya Wachangia Damu Duniani, Juni 14, huangukia katika msimu wa michezo ya shule. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 na kilo 50 anaweza kuchangia. Lakini mwalimu wa michezo na matroni wapate orodha ya waliochangia, na majina hayo yasionekane kwenye mazoezi ya jioni, wala kwenye adhabu ya kufyeka, wala kwenye foleni ya kubeba maji. Kijana wa miaka 18 akiulizwa kama yuko sawa atajibu yuko sawa hata akiwa anaona nyota. Msimuulize, mpumzisheni.

Na klabu, sasa. Nyinyi mna kitu ambacho kituo cha damu hakina: mnajuana majina, mnajua nani anakaa wapi, mna kundi la simu linalolia kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Kitumieni. Kila anayechangia apewe mwenzake wa kumfikisha nyumbani na kumpigia jioni. Kiongozi wa mazoezi awe na orodha, na Jumamosi inayofuata waliochangia wakimbie nyuma na kundi la polepole bila mtu kuwacheka. Hasa hilo la kucheka. Mkimbiaji aliyezoea kuwa mbele akiwekwa nyuma, kejeli moja tu inatosha kumfanya aongeze kasi. Msiandae mashindano ya klabu ipi imetoa chupa nyingi. Mashindano ya aina hiyo humfanya mwenye homa aifiche homa yake, na aliyechangia mwezi uliopita adanganye tarehe. Anayekataliwa na wauguzi kwa sababu ya uzito, presha au wingi wa damu asitaniwe, na apewe kazi nyingine siku hiyo: kugawa maji, kupanga viti, kuwasindikiza wenzake.

Mashabiki wa Msimbazi na wa Jangwani wameshaonyesha kwamba inawezekana. Katika wiki za shamrashamra za kuukaribisha msimu mpya, huenda kuchangia damu kwa wingi, wakiwa na jezi zao na utani wao. Kinachobaki ni kulifanya jambo hilo mara tatu kwa mwaka badala ya mara moja, kwa kupokezana, wanaume wakifuata miezi yao mitatu na wanawake minne, ili jokofu lisijae Agosti na kubaki tupu Januari.

Basi, viongozi wa klabu, mkutano wenu ujao wekeni tarehe. Wasilianeni mapema na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao una vituo vya kanda Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Tabora, Mbeya na Mtwara, au ulizeni hospitali ya mkoa wenu, ili waje na vifaa vya kutosha. Futeni mbio kwenye ratiba ya siku hiyo. Hakikisheni kuna maji, kivuli, na viti vya kutosha kwa watu kukaa baada ya kuchangia. Na wewe msomaji usiye na klabu yoyote, nenda mwenyewe siku ambayo huna kazi nzito, kula kwanza, chukua kiti kwenye daladala ukirudi, na miezi yako ikitimia, rudi tena.